Kauri juu ya chuma: namna ya kupunguza vumbi la breki

Kila dereva akanyagapo breki, pedi huibana diski ya chuma cha kusubu inayozunguka pamoja na gurudumu, na vyote viwili hulika. Kinachobanduka hakipotei: baadhi ya chembe zake ni ndogo kiasi cha kuingia mapafuni mwa mpita njia. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya, katika kanuni ya Euro 7 ya mwaka 2024, uliweka kikomo cha vumbi la breki: miligramu 7 kwa kilomita kwa magari mengi ya abiria, na 3 kwa yale ya umeme pekee. Aina mpya za magari zinahusika kuanzia tarehe 29 Novemba 2026.

Wahandisi hawataki kukiacha chuma cha kusubu. Bei yake ni nafuu, humiminwa katika kalibu bila taabu, tena hupitisha joto vizuri. Hivyo wanatafuta kuipulizia diski utando mgumu. Unga wa kauri, kama oksidi ya alumini, hupitishwa katika mwako wa plazma wenye joto linalopita nyuzi 10,000 za Selsiasi, ukayeyuka na kurushwa juu ya chuma, matone yakabandikana mithili ya chapati nyembamba. Kabidi ya tungsteni, ambayo joto hilo lingeiharibu, hurushwa kwa mwako wa gesi usio mkali hivyo, lakini wenye kasi kuliko sauti.

Kazi kubwa ni kuufanya utando ushike. Chuma cha kusubu cha kijivu kimejaa vipande vya grafiti, ile ile ya kalamu za risasi, na kauri haigandi vyema juu yake. Uso hukwaruzwa kwanza kwa kurushiwa punje kali, kisha hupakwa tabaka la nikeli na kromi. Tabaka hilo ni kama msuluhishi, kwani oksidi ya alumini hutanuka kidogo kuliko chuma kipatapo joto, na breki hupata moto na kupoa kila siku. Na wakati wa theluji Ulaya, maji yenye chumvi ya barabarani hupenya vitundu vya kauri, kutu ikaota chini na kuubandua utando.

Kampuni ya Porsche ilizindua mwaka 2017 diski za chuma zilizofunikwa kwa kabidi ya tungsteni, katika gari la Cayenne. Kwa maelezo yake yenyewe, vumbi hupungua kwa asilimia 90 hivi. Hilo, bila shaka, ni gari la wenye nacho. Utando mgumu namna hiyo husawazishwa kwa mawe ya kunolea yenye almasi, na gharama hiyo ni nzito kwa diski ya gari la mtu wa kawaida.