Sheikh Farsy na Walimu Wake
(Hotuba iliyotolewa Makere, Kasulu)



Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja mwaka 1912, alianza kazi akiwa mwalimu wa shule ya serikali. Mapema akashika kalamu kuandika tarehe ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani, kitabu gani, na alifariki lini. Miongoni mwao yumo mwalimu wake mwenyewe, Sayyid Umar bin Sumayt.

Sisi tunaopiga vita uzushi katika dini tulizingatie hili. Kitabu chake *Bid-a*, cha mwaka 1977, kilipinga mengi yaliyozoeleka kwa masheikh wa pwani. Lakini miaka mitano kabla, 1972, habari za masheikh hao alizichapisha Mombasa kwa heshima kamili. Hakuona mgongano, nasi hatuuoni.

Je, hapa Makere? Wazee waliotusomesha Juzuu Amma kwa mwanga wa koroboi tunawazika, na wapo vijana wetu wanaowaita wazushi bila kujua hata walisoma kwa nani. Wenye daftari na kalamu wawaendee kabla ya mvua.