Afisa Ustawi wa Jamii Akibisha Hodi

Ndugu wazazi wa Nyamisati, jirani akijua mtoto anateswa au ananyimwa chakula, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka atoe taarifa serikalini. Ndipo afisa ustawi wa jamii anapokuja nyumbani, au anapowaita mzungumze.

Jamani, msimvushe mtoto kwa mtumbwi kwenda kumficha. Mtazidisha wasiwasi tu.

Huyo afisa anakuja kuuliza na kuona. Mtoto analala wapi? Shule anakwenda? Mkienda kulinda mpunga, anabaki na nani? Sisi watu wa delta tunajua dungu linavyotuweka mbali na nyumbani siku nyingi. Basi mwelezeni hivyo hivyo, na bibi anayebaki na mtoto mtajeni. Mtoto naye anaweza kuulizwa peke yake. Msimfundishe la kusema.

Mkiambiwa mtie sahihi, someni kwanza. Si mnajua kusoma sasa?

Pakiwa na hatari kubwa, mtoto anaweza kupelekwa mahali salama kwa siku chache. Lakini kumtoa moja kwa moja ni kazi ya mahakama, na huko mzazi husikilizwa.

Mwenye jambo la mtoto apige simu 116. Haina malipo.