Ulaini wa Bawa la Ndege



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya ndege ambazo watu huziunda wenyewe nyumbani mwao, na hasa juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa ni pambo tu, yaani ulaini wa ngozi ya ndege. Twataka kuonyesha ya kuwa si pambo. Ulaini ni sehemu ya bawa lenyewe, na pengine uhai wa rubani hutegemea hapo.

Kwanza natuitazame hewa. Mwaka 1904 mtaalamu wa Kijerumani, Ludwig Prandtl, alieleza ya kuwa hewa iligusayo bawa hushikamana nalo, na juu yake pana utando mwembamba ambamo mwendo wa hewa huzidi kidogo kidogo hata ulingane na ule wa hewa ya nje. Utando huo ukipita kwa utulivu, tabaka juu ya tabaka kama karatasi ndani ya jalada, msuguano huwa mdogo. Ukivurugika, msuguano huzidi sana. Tena kitu kidogo chatosha kuuvuruga: mdudu aliyekauka penye ukingo wa mbele, mstari wa rangi, au wimbi ambalo jicho halilitambui upesi.

Hasara yake si haba. Atakaye kuzidisha mwendo wa ndege maradufu, pasipo kupunguza uzuizi wa hewa, yampasa atafute nguvu za mtambo karibu mara 8. Basi msasa ni rahisi kuliko mtambo mpya.

Mfano ulio wazi ni ndege iitwayo VariEze, aliyoibuni Burt Rutan wa Marekani, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1975. Watu walinunua michoro yake wakaiunda kwa povu gumu lililofunikwa kwa vitambaa vya nyuzi za kioo na gundi. Bawa lake kubwa li nyuma, na bawa dogo li mbele, nalo huchukua sehemu ya uzito. Umbo la bawa dogo lilichaguliwa kwa kuwa hewa hupita juu yake kwa utulivu mwingi. Lakini marubani walipoingia katika mvua, waliona pua ya ndege yainama, hata ikawabidi kuvuta usukani ili kuiinua. Bawa halikuvunjika wala kupinda. Matone tu yalikuwa yamelala juu yake, utando wa hewa ukavurugika na kubanduka, nguvu ya kuinua ikapungua. Wadudu nao waweza kuleta taabu ya namna hiyo.

Ndege iliyofuata, Long-EZ, iliruka mwaka 1979 ikiwa na bawa dogo la umbo lile lile. Baadaye John Roncz alichora umbo jipya ambalo halikusumbuliwa sana na mvua. Wengine walibandika vibati vidogo juu ya bawa la zamani, ili kuitia hewa nguvu ya kushikamana nalo.

Katika habari hizi twapata mafunzo matatu. La kwanza, kung'aa si kunyooka. Rangi yaweza kumeremeta juu ya bawa lenye mawimbi, na hewa haidanganyiki. Rula ndefu na kiganja cha mkono ni mashahidi wa kweli kuliko kioo. La pili, kila kopo la kujazia mabonde huongeza uzito, na uzito huo hauondoki; kwa hiyo heri kuunda sawa tangu mwanzo kuliko kuficha kosa baadaye. La tatu, ndilo kubwa: bawa lifanyalo kazi vema likiwa safi tu ni kama mtumishi afanyaye kazi vema bwana wake akiwapo tu. Rubani na alioshe kabla ya safari, lakini pia ajue tabia yake likiwa limelowa, naye ajifunze hayo akiwa juu sana, penye nafasi ya kujiokoa, si karibu na miti mwishoni mwa uwanja.

Wenzetu, kazi ya msasa ni ya siku nyingi, tena haina sifa, maana ikitengenezwa vizuri hakuna aionaye. Sisi tushikao kalamu na majalada twaijua kazi ya namna hiyo. Yeye aiundaye ndege ndiye atakayeketi ndani yake.