Matembezi yasiishie barabarani

Maneno yaliyosemwa mbele ya wakuu wa mitaa, wazee na familia za wahamishwa, Kivu Kusini, katika mkutano wa kutayarisha matembezi ya tarehe 10 Septemba



Tumekutana kutayarisha matembezi ya tarehe 10 Septemba. Tangu mwaka wa 2003 siku hiyo imewekwa duniani kote kwa ajili ya kuzuia watu kujiua. Kabla ya kuingia humu, baadhi yenu mlituuliza: "Ninyi watu wa shirika, kwa nini mnataka kututembeza? Sisi tulitembea ya kutosha, kutoka vijijini kwetu hadi hapa, na mizigo kichwani." Swali hilo ni la haki, na tungependa kulijibu kabla ya kusema habari za njia na saa.

Matembezi ya namna hii hayakuanzia kwetu. Huko Ireland, shirika moja liitwalo Pieta lilianza mwaka wa 2009 kutembea na watu kabla ya jua kutoka, katika bustani kubwa ya Phoenix Park, mjini Dublin. Mara ya kwanza walikuwa watu kama 400. Walianza gizani wakamaliza kumepambazuka, na pesa walizochanga zilisaidia kazi ya washauri wanaowapokea watu waliokata tamaa bila kuwadai kitu. Baadaye maelfu ya watu wamefuata, hata katika nchi nyingine. Sisi hatutatembea gizani. Kila mtu hapa anajua sababu.

Lakini angalieni jambo moja katika habari hiyo. Nyuma ya matembezi yale kulikuwa na mlango. Mtu aliyesikia ujumbe alijua atagonga wapi. Sisi tukipita barabarani na ngoma na firimbi, tukiwaambia watu "msinyamaze, semeni shida zenu", kisha jioni mama mmoja akaja kusema amechoka kuishi na asimkute mtu wa kumsikiliza, afadhali tungebaki nyumbani. Ndiyo sababu tumewaita leo, wiki nyingi kabla ya siku yenyewe.

Shida hii si ndogo. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 720,000 wanaokufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu 3 kati ya 4 ni wa nchi zenye kipato cha chini au cha kati, kama yetu. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, ni sababu ya tatu ya kifo. Tena mwaka wa 2019 shirika hilo lilionyesha kwamba mahali palipopita vita, mtu 1 kati ya 5 ana ugonjwa wa akili au wa moyo, mwepesi au mzito. Wale tunaosema juu yao "ana mawazo mengi", "halali", "anakaa peke yake nyuma ya nyumba", wamo katika hesabu hiyo. Yumo baba aliyekuwa na shamba na ng'ombe, na leo anangojea karata ya chakula. Yumo binti aliyetendwa jeuri njiani na hajamwambia mtu.

Wazee wetu, hapa tunawaomba ninyi kwa heshima. Mahali pengi, mtu akijiua, kilio kinafupishwa, maiti inazikwa kwa haraka, na familia inaonywa isitaje. Tunaelewa kwamba desturi hizo zilikusudia kuwaogopesha wengine wasifuate. Lakini matunda yake tunayaona: mjane anabebeshwa lawama, watoto wanachekwa kisimani, na yule mwingine mwenye mawazo yale yale anajifunza kunyamaza zaidi. Neno la shefu au la mchungaji kwenye kilio cha namna hiyo lina nguvu kuliko mabango yetu yote. Mkisema tu, "Huyu alikuwa mgonjwa na mwenye maumivu, tumzike kama mtoto wetu", familia nyingi zitapumua.

Kuna woga mwingine. Watu wanafikiri kwamba ukimwuliza mtu juu ya kujiua, unamtia wazo hilo kichwani. Wataalamu wamelichunguza na wameona si hivyo. Ukimwuliza kwa upole, "Ndugu yangu, umefikia kufikiri kujiua?", mara nyingi unampa nafasi ya kutua mzigo. Akijibu ndiyo, usimhubiri, usimwambie wengine wana shida kuliko yeye. Kaa naye. Usimwache peke yake usiku ule. Ondoa karibu naye vitu vya hatari. Asubuhi msindikize kituo cha afya, wewe mwenyewe, usimtume.

Juu ya vitu vya hatari, tutaje dawa za mashamba. Huko Sri Lanka, serikali ilipokataza zile kali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua sana katika miaka iliyofuata, kwa kuwa saa ya hasira au ya kukata tamaa mara nyingi hupita, mtu asipokuwa na sumu mkononi. Katika nyumba ya shitingi hakuna kabati la kufunga. Tunapendekeza kila mtaa uwe na sanduku moja la kufuli kwa dawa za mashamba na za panya, na ufunguo ukae kwa mama mmoja wa kuaminiwa. Gharama yake ni ndogo.

Sasa, mlango. Mtasema hatuna madaktari wa akili, na ni kweli ni wachache. Kuna kituo cha SOSAME huko Bukavu na Tulizo Letu huko Goma, lakini si kila mtu atafika, kwa pesa au kwa usalama. Zimbabwe walikuwa na shida hiyo hiyo. Mwaka wa 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kufundisha wamama wazee wa Harare kusikiliza watu kwenye benchi la mbao, nje ya kituo cha afya. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Mnaona, wao pia wanasema mawazo mengi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa na wamama hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mabibi wenye masikio mazuri hatukuwakosa hapa. Benchi, fundi atalitengeneza.

Mengine ni mafupi. Njia itakuwa kilomita 3 tu, maana wengi wanakula mara moja kwa siku, na tutaanza saa moja ya asubuhi. Barua kwa mamlaka itapelekwa mapema, kama Katiba ya mwaka wa 2006 inavyoagiza katika kifungu cha 26. Hakuna bendera, hakuna wimbo wa chama wala wa kabila, ili mtu asiseme ni maandamano. Mchango ni wa hiari: franka 500, au kikombe cha maharagi, au hakuna. Kamati ya MUSO itaandika kila kitu katika daftari na kusoma hesabu mbele ya wote. Pesa hizo ni za moto ya kumpeleka mgonjwa na za dawa zake. Asiyeweza kutembea akae kwenye benchi, tutamkuta pale tukifika.

Kila mtaa unahitaji watu wawili wa kusikiliza, mwanamke na mwanamume, wanaojua kutunza siri. Wakuu wa mitaa, tunawaachia neno: mtuambie majina.