Karatasi Kabla ya Programu

Ahsanteni kwa kunialika kufungua maonyesho haya ya kazi za wahitimu wa kompyuta. Nimepita meza kwa meza. Rangi zinapendeza na vitufe vinang'aa, lakini wahitimu, wengi wenu nilipowauliza ni karani gani amezijaribu kurasa za programu zenu, mlitazamana.

Oneni ukurasa mbaya unavyoweza kugharimu. Agosti 2020, benki ya Citibank ya Marekani, ikiwa wakala wa mkopo wa kampuni ya Revlon, ilikusudia kuwalipa wakopeshaji riba ya dola milioni 7.8 hivi. Zikatoka karibu dola milioni 900. Hapakuwa na mwizi. Ili deni lenyewe libaki kwenye akaunti ya ndani ya benki, programu ilitaka visanduku vitatu vijazwe, kikajazwa kimoja. Watu watatu waliupitia muamala ule, wote wakaridhika. Watatu wakipotea njia moja, mimi simshiki karani, namshika aliyechora ukurasa. Baadhi ya wakopeshaji waligoma kurudisha fedha, na benki ikaja kupata haki yake kwenye rufaa, Septemba 2022.

Kasoro ya namna hiyo hugunduliwa kwa karatasi na penseli. Chora kila ukurasa, mwite karani mwenyewe, mpe kazi ya kweli: lipa riba, deni usiliguse. Yeye abonyeze kwa kidole, wewe umbadilishie karatasi kama programu ingefanya. Na unyamaze! Hapo ndipo vijana wangu mnaposhindwa, ulimi unawawasha kueleza. Akikwama, andika alipokwamia. Tena mchoro wa penseli mtu haoni haya kuukosoa; mwonyeshe kazi iliyokwisha kunakshiwa, atakusifu kwa adabu aende zake.

Hata kifaa hujaribiwa hivyo. Jeff Hawkins, aliyebuni kompyuta ya mfukoni ya Palm Pilot, kabla haijaingia sokoni mwaka 1996, alitembea na kipande cha mbao mfukoni, akikitoa na kujifanya anaandika miadi juu yake. Huenda wapo waliomcheka. Lakini alijua ukubwa unaofaa mfukoni kabla ya kutengeneza chombo chenyewe.

Mkuu wa Chuo, nina ombi moja: kuanzia mwakani, mradi wa mwisho usipokelewe bila michoro ya awali na maelezo ya wapi watumiaji walikwama.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba maonyesho haya yamefunguliwa rasmi.