Mashine Inayokula Sarafu

Leo tutazungumza juu ya mashine ya kamari, ile ambayo wengi huiita dubwi. Mkulima aliyekwisha kulipwa fedha za ufuta au korosho huenda akaikuta njiani kabla hajafika nyumbani. Basi yafaa ajue jinsi ilivyotengenezwa.

Kwanza, mashine haina kumbukumbu. Katika mashine iliyo halali, kompyuta ndogo huchagua namba kwa bahati kila unapocheza. Ukikosa mara 20, mara ya 21 haikukaribii zaidi. Asemaye, "Imeshiba, sasa lazima itapike," anajidanganya.

Pili, mashine hulipa bila ratiba. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, alieleza majaribio yake ya njiwa. Njiwa aliyepewa chakula baada ya kudonoa idadi ile ile kila mara, alipumzika kila alipokwisha kula. Lakini yule asiyejua chakula kitatoka mara ya ngapi, alidonoa bila kupumzika. Skinner mwenyewe alimlinganisha njiwa huyo na mcheza kamari.

Tatu, mashine hukuonyesha "nusura". Picha husimama jirani kabisa na ile ya fedha nyingi, na moyo husema, "Kidogo tu ningepata!" Mwaka 1984, huko Marekani, Inge Telnaes alipewa hataza ya mashine yenye namba nyingi ndani kuliko picha zinazoonekana nje. Kwa hiyo macho yaweza kuona nafasi moja kati ya 20, na kumbe ndani ni moja kati ya mamia. Kumbuka: nusura ni kukosa.

Nne, mashine hushangilia hasara yako. Ukitia sarafu tano za shilingi 200, ikarudisha mbili, taa zaweza kuwaka na muziki ukalia. Fanya hesabu: umetoa shilingi 1,000, umepata 400. Umepoteza 600.

Sasa tupige hesabu nyingine. Tuseme mashine hurudisha, kwa wastani, shilingi 90 katika kila 100. Ukicheza shilingi 10,000 zote, hubaki 9,000. Ukizirudisha zote, hubaki 8,100, kisha 7,290. Mzunguko wa saba ukiisha, huna hata nusu. Ndiyo maana mashine hutengenezwa ili mchezo uende upesi, mzunguko mmoja sekunde chache tu. Wala si ufundi wako uliopungua. Hivyo ndivyo ilivyopangwa.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Mkimwona mtoto mbele ya mashine, mwondoeni, na mpeni habari mtendaji wa kijiji.

Na wewe ndugu, siku ya malipo, zigawe fedha zako kwanza: chakula, karo, pembejeo za msimu ujao. Mkulima hulima miezi mingi. Sarafu humezwa kwa nukta moja.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini "nusura" si dalili ya kupata?
2. Ukicheza shilingi 20,000, mashine ikarudisha 90 katika kila 100, utabaki na kiasi gani baada ya mizunguko miwili?
3. Kijiji chenu kifanye nini kuwalinda watoto?