Kina cha Maji na Ukuta wa Bwawa

Mmetuuliza kama ukuta wa bwawa la kikundi uinuliwe kabla ya mvua. Tungoje kidogo. Usiku wa 9 Mei 2018, huko Solai, bwawa lilipasuka na watu zaidi ya 40 wakafa.

Maji husukuma ukuta kwa kina chake, si kwa upana wa bwawa. Kina kikiwa mita 1, kila mita ya urefu wa ukuta husukumwa kwa uzito wa nusu tani. Kikiwa mita 2, je, tani 1? Hapana jamani, tani 2! Mita 3, tani 4 na nusu. Msukumo huo huelekea nje, na uzito wa udongo huelekea chini. Kwa hiyo ukuta uwe mpana kwenye kitako. Na udongo si mpira: ukishafanya ufa, haurudi. Tuanze na mfereji wa kutolea maji yanayozidi, halafu ndiyo tuongee habari ya kuinua.